Sakafu yako ya lamineti inakufa kwa ndoo ya deki

JE, sakafu ya sebule yako imeanza kuinuka kwenye viungo? Ukipita usiku bila viatu, unyayo wako unahisi vituta vidogo vidogo ambavyo havikuwapo ulipohamia? Kama ndivyo, usikimbilie kumpigia fundi simu ya matusi, wala usimwite msaidizi wako wa nyumbani umhoji kama mshukiwa. Kwanza nenda bafuni ukaiangalie ile ndoo ya kupigia deki. Huenda mharibifu unayemtafuta amesimama pale pale, amejaa maji hadi ukingoni.

Sakafu za lamineti, yaani zile mbao nyembamba zinazonasana ubao kwa ubao bila msumari, zimeingia katika nyumba nyingi za miji yetu. Utazikuta katika vyumba vya kulala vya fleti mpya, katika sebule za watu waliochoshwa na baridi ya vigae mwezi wa Julai, na hata katika vyumba vya kupanga vya wanafunzi. Sababu za kupendwa kwake ni rahisi kuelewa. Zinafanana na mbao halisi, lakini bei yake ni nafuu. Fundi mzoefu anaweza kuzitandaza katika chumba cha kawaida kwa siku moja. Na ukiamka alfajiri, mguu haushtuki kwa baridi.

Shida ni kwamba sakafu hii hufika nyumbani lakini maelezo yake hayafiki. Boksi lenye maagizo ya utunzaji hutupwa siku ile ile fundi anapomaliza kazi. Familia hubaki ikiitunza kwa desturi iliyorithi kutoka kwa sakafu nyingine kabisa. Hapo ndipo hasara inapoanzia, na hapo ndipo watu wasio na hatia wanapoanza kulaumiwa.

Malezi ya simiti

Wengi wetu tulilelewa juu ya simiti. Asubuhi ya Jumamosi viti vilitolewa nje, maji yakamwagwa sakafuni kwa karai, sabuni ya unga ikanyunyizwa, na brashi ikapita kila pembe. Kisha maji machafu yalisukumwa kwa ufagio hadi nje ya mlango. Katika nyumba za simiti nyekundu, kazi ilifuatiwa na polishi ya nta. Watoto walipewa vipande vya blanketi kuukuu wasugue kwa miguu, huku wakicheza na kusukumana, hadi sakafu ikang'aa kama kioo. Waliosoma shule za bweni hawahitaji kukumbushwa.

Katika malezi hayo, maji mengi ndiyo yaliyokuwa dalili ya usafi. Aliyepangusa tu kwa kitambaa alionekana mvivu, mtu wa kulipua kazi. Na desturi hiyo haikuwa na ubaya, kwa maana simiti, terazo na vigae hustahimili maji. Yakisimama juu yake saa nzima kisha yakakaushwa, sakafu hubaki vile vile.

Lamineti si ya ukoo huo. Uso wake ni mgumu na unang'aa, lakini moyo wake ni wa mbao, na tena mbao zilizosagwa.

Ndani ya ubao mna nini?

Ukipata kipande kilichobaki baada ya kazi ya fundi, kitazame kwa ubavu. Kimetengenezwa kwa matabaka manne. Chini kabisa pana karatasi ngumu inayouzuia ubao usipinde. Juu yake pana moyo wenyewe, sehemu nene kuliko zote. Huo umetengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, kisha zikashindiliwa kwa joto na nguvu nyingi. Juu ya moyo huo pana karatasi iliyochapishwa picha. Naam, ile mistari ya mvule au mwaloni ambayo wageni wako huisifu ni picha tu.

Juu kabisa pana tabaka jembamba linaloangaza kama kioo. Hilo ni la melamini, kitu kile kile kinachotumika kutengenezea sahani ngumu zisizovunjika upesi. Ndani yake mmetiwa chembe za oksidi ya alumini, ambayo hutumika pia katika karatasi ya msasa. Chembe hizo ndizo zinazoisaidia sakafu isikwaruzike ovyo.

Sakafu ya namna hii ilibuniwa nchini Uswidi mwaka 1977 na kampuni ya Perstorp, iliyoiuza kwa jina la Pergo. Mwanzoni mbao ziliunganishwa kwa gundi. Mwaka 1996 na 1997, kampuni za Välinge ya Uswidi na Unilin ya Ubelgiji zilileta sokoni mbao zenye ulimi na mfuo vinavyonasana vyenyewe. Ndiyo maana leo fundi huzipachika kwa kuzigongagonga tu, na ndiyo maana zinaweza kufunguliwa tena bila kuvunjwa. Liweke akilini jambo hilo la kufunguliwa, kwa sababu litakufaa siku ya mafuriko.

Sasa fikiria andazi. Ngozi yake iliyokaangwa haiingizi chai upesi. Lakini limege, kisha utumbukize upande uliomegwa katika kikombe. Chai itapanda ndani, andazi litafura, na hata ukilianika juani halitarudi lilivyokuwa. Lamineti ni hivyo hivyo. Maji hayapiti kwa urahisi katikati ya ubao. Hupitia kwenye viungo, mahali ubao unapokutana na mwenziwe, na kandokando ya ukuta. Yakizifikia zile nyuzi, zinayanywa, zinafura, na kingo za ubao zinainuka.

Kufura huko hakuponi. Huwezi kupiga randa wala msasa kama ufanyavyo kwa mbao halisi, kwa sababu ukikwangua utaiondoa ile picha na kubaki na moyo mtupu. Deki moja ya maji mengi huenda isionyeshe kitu. Deki ya kila siku kwa miezi sita itaonyesha. Waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakukosea.

Hata hivyo, hakikisha kwanza unajua ulicho nacho. Ile sakafu inayouzwa ikiwa imeviringishwa kama kitambaa, ambayo madukani huitwa mkeka wa mbao, ni plastiki na haifuri namna hii. Vile vibao vidogo vilivyopangwa kama msuko wa jamvi katika nyumba za zamani ni mbao halisi, na fundi anaweza kuvipiga msasa na kuvipaka vanishi upya. Ziko pia lamineti za siku hizi ambazo viungo vyake vimetiwa kinga ya kuhimili maji kwa muda fulani. Muda huo huandikwa kwenye boksi. Kama boksi halikuandika chochote, chukulia kwamba sakafu yako haina kinga hiyo.

Namna ya kuisafisha

Utaisafishaje basi? Kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi kisidondoshe hata tone moja. Hiyo ndiyo siri, na hatua zake ni hizi.

Kwanza, ondoa vumbi kila siku. Tumia ufagio laini wa nyuzi au mashine ya kunyonya vumbi yenye brashi. Udongo wetu mwekundu ukikauka huonekana kama poda, lakini huja pamoja na mchanga, na mchanga ukikanyagwa huwa msasa. Usipitishe kitambaa kibichi kabla hujafagia, maana utaburuta mchanga huo chumba kizima.

Pili, tayarisha maji kidogo. Lita tano za maji ya vuguvugu zinatosha sebule na chumba cha kulala. Tia matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ukiona povu sakafuni, umezidisha. Sabuni ikizidi huacha utando usioonekana, na utando huo hunasa vumbi na kuonyesha kila alama ya unyayo. Wengi wakiziona alama hizo huongeza sabuni, nazo alama zikazidi. Dawa yake ni kupangusa mara mbili tatu kwa maji matupu.

Tatu, kamua kwa nguvu. Kitambaa cha maikrofaiba ndicho bora, lakini fulana kuukuu ya pamba hufaa pia. Kikamue, kisha kiinue juu ya ndoo na uhesabu hadi kumi. Kikidondosha, kamua tena. Kama unatumia mopu ya nyuzi nene, jua kwamba ni vigumu kuikamua ikakamuka sawasawa, hivyo afadhali ile bapa ya kufunga kitambaa.

Nne, pangusa kufuata urefu wa mbao, ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Sakafu inapaswa kukauka yenyewe ndani ya dakika moja au mbili. Isipokauka, maji yalikuwa mengi mno. Pitisha kitambaa kikavu mara moja. Wasomaji wa Mombasa na miji mingine ya pwani, ambako hewa ina unyevu na vitu hukawia kukauka, wafungue madirisha au wawashe feni kila wanapopangusa.

Tano, usiwahi kumwaga maji moja kwa moja sakafuni, hata kidogo, hata kama kuna uchafu ulioganda. Weka kitambaa kibichi juu ya uchafu huo kwa dakika moja, ulainike, kisha upanguse.

Na mara ngapi kwa wiki? Kufagia ni kila siku, lakini kupangusa mara moja au mbili kwa wiki kunatosha nyumba ya kawaida. Mlangoni na chini ya meza ya kulia panaweza kuhitaji zaidi, hasa penye watoto.

Madoa yasiyotaka kuondoka

Chai, uji, soda na mkojo wa mtoto si madoa magumu ukiyawahi. Hatari yake ni kuteremkia kwenye viungo. Pangusa papo hapo, hata kama mgeni yuko katikati ya hadithi.

Rangi ya kucha, wino wa kalamu na polishi ya viatu huondolewa kwa asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Itie kidogo kwenye kitambaa, si sakafuni, na uijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama vile nyuma ya mlango. Fungua dirisha, na usiitumie karibu na moto, kwa maana hushika moto upesi. Ukimaliza, pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo.

Nta ya mshumaa na chingamu zinataka baridi. Weka vipande vya barafu ndani ya kikombe cha bati, kausha kikombe kwa nje, kiweke juu ya doa kwa dakika chache hadi ligande kabisa, kisha ulikwangue taratibu kwa rula ya plastiki. Kisu hapana. Ukiacha mkwaruzo wa kisu, utakuwa nao hadi siku ya kuhama.

Mambo ya kujihadhari nayo

Polishi ya nta iliyoing'arisha simiti ya nyumbani haina kazi hapa. Lamineti haiinywi. Nta hubaki juu, ikanasa vumbi na kuifanya sakafu iteleze. Kama una mzazi mzee au mtoto anayejifunza kutembea, huo ni mtego.

Mashine za kupigia deki kwa mvuke nazo ziache dukani. Mvuke ni maji yenye joto na nguvu, na hupenya mahali ambapo kitambaa kisingefika. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria na sabuni zenye chengachenga hukwaruza uso, na uso ukishakwaruzika hauna vanishi ya kuurudisha.

Jiki pia si rafiki wa sakafu hii. Na kwa hili, msomaji, hatuzungumzii sakafu tu bali uhai. Usichanganye jiki na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala na dawa yenye amonia, kwa nia ya kupata dawa kali zaidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na bafu dogo lisilo na dirisha la maana linaweza kumlaza mtu hospitalini.

Viatu, viti na mazulia

Weka vikanyagio viwili mlangoni, kimoja nje cha kukwangulia matope, kimoja ndani cha kufyonza maji. Wakati wa mvua za masika na za vuli, ile desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni na kuvaa patipati ni kinga kubwa kuliko dawa yoyote ya dukani. Kiatu chenye kisigino chembamba kilichochakaa, ambacho msumari wake umetokeza, kinaweza kuacha shimo kwa hatua moja.

Miguu ya viti na meza ibandike vipande vya felti. Usipovipata, kata vipande vya blanketi nzito na uvigundishe. Vichunguze kila baada ya miezi michache, kwani mchanga ukinasa ndani yake huvigeuza kuwa msasa. Friji na kabati visikokotwe. Viinueni watu wawili, au vipitishwe juu ya zulia lililopinduliwa.

Zulia lenye mpira chini nalo linaweza kuacha doa la manjano lisilotoka, na huzuia unyevu kupumua. Tafuta lenye mgongo wa kitambaa. Mtungi wa maji na ndoo ya akiba visikae moja kwa moja juu ya lamineti, kwani jasho la chombo huteremka chini na kukaa pale siku nzima bila wewe kuliona. Vipungu vya maua viwekewe sahani.

Wanafunzi, neno lenu ni hili. Kiti cha magurudumu mnachosomea kinahitaji magurudumu laini au kipande cha zulia chini yake. Na birika la umeme la kuchemshia chai lipandisheni mezani. Likimwagika sakafuni, maji moto huwahi viungo kuliko mkono wako na kitambaa.

Mfereji uliosahauliwa

Katika miji yenye mgao wa maji, adui mkubwa kuliko deki ni mfereji ulioachwa wazi. Unaamka asubuhi, unaufungua mfereji wa jikoni, hakuna tone. Unakimbilia matatu. Saa saba mchana maji yanarudi, sinki limeziba kwa sahani na mabaki ya wali, na hakuna mtu nyumbani. Jioni unapofungua mlango, sebule nzima ni bwawa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yanaweza kuzuiwa. Wazoesheni watoto kufunga mfereji hata kama haukutoa maji. Na nyumba ikibaki tupu mchana kutwa, funga koki kuu.

Maji yakishamwagika, fanya haraka. Kama yamefika kwenye soketi au nyaya zilizolala sakafuni, zima umeme kwenye swichi kuu kabla hujakanyaga ndani, mradi uifikie bila kupita majini. Yakaushe maji ya juu kwa mataulo. Kisha mwite fundi siku hiyo hiyo abandue ule ubao mwembamba unaozunguka ukuta na kuzifungua mbao kuanzia ukingoni. Hapa ndipo ule mnaso usio na gundi unapokuwa na faida. Ziandikwe nambari kwa penseli upande wa chini ili zirudi mahali pake. Zilizofura zitupwe. Zilizopona zikauke kivulini, zikiwa zimelazwa bapa. Simiti ya chini iachwe wazi, feni ikivuma, hadi ikauke kabisa. Anayezirudisha juu ya simiti bichi atazifungua tena baada ya muda mfupi, na safari hiyo zitakuwa na kuvu.

Kwa wanaoishi vyumba vya chini katika mitaa inayofurika, kama tulivyoona jijini Nairobi Aprili na Mei 2024, ushauri ni wa moja kwa moja: msitandaze lamineti. Vigae au simiti ya kawaida vitawafaa zaidi. Maji ya mafuriko hubeba uchafu wa vyoo, na ubao ulioyanywa hausafishiki.

Kabla hujanunua au kupanga

Unapokwenda dukani, usidanganywe na unene peke yake. Tafuta alama ya AC kwenye boksi, inayoanzia AC1 hadi AC6. Hicho ni kipimo cha jinsi uso unavyostahimili kusuguliwa. AC3 hutosha nyumba ya kawaida. Kama una watoto wengi, au mlango wa sebule unafungukia moja kwa moja uwanjani, AC4 ni afadhali. Nunua boksi moja zaidi na ulihifadhi, kwa maana picha ile ile huenda isipatikane tena baada ya miaka miwili.

Mwulize fundi maswali mawili. La kwanza, je, simiti imekauka? Kuna njia rahisi ya kujua. Bandika kipande cha plastiki angavu cha nusu mita kwa nusu mita juu ya simiti, ukizibe kingo zote kwa utepe, ukiache siku nzima. Ukikuta matone chini yake au simiti imebadilika rangi, subiri. La pili, je, ameacha nafasi kandokando ya kuta? Mbao hizi hutanuka na kusinyaa kufuatana na hali ya hewa, na kwa kawaida zinahitaji nafasi ya milimita 8 hadi 10 kila upande, inayofichwa na ule ubao wa ukutani. Zikikosa nafasi hiyo, sakafu inaweza kuinuka katikati kama nundu ya ngamia hata kama hukumwaga tone. Mbao zenyewe zikae chumbani saa 48 ndani ya maboksi yake kabla ya kutandazwa, zizoee hewa ya nyumba.

Na wewe unayepanga, siku ya kuingia piga picha ya sakafu kila chumba, hasa karibu na jikoni, bafuni na chini ya madirisha. Mpelekee mwenye nyumba picha hizo kwa simu siku hiyo hiyo. Kituta ulichokikuta kisije kikakatwa kwenye dipoziti yako siku ya kuhama.

Usimkate mshahara

Tumefika kwenye jambo lenyewe. Sakafu ikiharibika, katika nyumba nyingi anayeitwa kwanza ni dada wa kazi. Ndiye aliyeshika ndoo. Wengine hufokewa mbele ya watoto, wengine hukatwa mshahara, wengine hufukuzwa mwisho wa mwezi.

Lakini jiulize. Alipofika kwako, ni nani aliyemwonyesha kwamba sakafu hii si simiti? Alipiga deki kama alivyofundishwa na mamake, yaani kwa bidii na kwa maji mengi. Kilichoharibu sakafu ni bidii ile ile uliyomwajiria.

Sheria nayo imelitazama jambo hili. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa au kupotea, ikiwa hasara hiyo imetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi. Anayesugua sakafu kwa namna pekee aijuayo hakukusudia kuiharibu. Ukimkata, wewe ndiye utakayekuwa umekosea.

Dawa ni dakika kumi za kufundishana siku ya kwanza, mkipiga magoti pamoja.

"Dada, hebu njoo kwanza. Hii sakafu ni ya mbao zilizosagwa. Ikinywa maji inafura."

"Lakini mama, kwetu usipomwaga maji watu husema hujapiga deki."

"Hata kwetu ni hivyo. Hii lakini tunaipangusa tu. Tazama ninavyokamua."

Mwache akamue mwenyewe, akione kitambaa kinavyopaswa kuwa. Mwonyeshe kiungo kilichoanza kuinuka, kama kipo, ili ajue anachokilinda. Mweleze pia kwamba maji yakimwagika aseme mara moja, na kwamba hatafokewa kwa kusema. Anayeogopa kufokewa hutandika zulia juu ya maji, na huko chini ndiko sakafu inakofia. Maneno hayo hayo waambie watoto, mume, na shemeji aliyekuja mjini kutafuta kazi. Wote wanakanyaga sakafu moja.

Huenda leo wote mko nyumbani. Tembeza kiganja chako juu ya viungo vilivyo karibu na friji, mlango wa bafu, sinki na dirisha linalopigwa na mvua. Ukihisi ukingo umeanza kuinuka, tafuta maji yanatoka wapi leo hii, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kama viungo vyote bado ni laini, ikamueni ile mopu, muimwage ndoo, na kesho asubuhi muanze na kitambaa.